Kipande cha Mpira wa Mama Biira

Shida yangu ilianza mwaka 2012, nikiwa na miaka arobaini na nane, na niliianzisha mimi mwenyewe kwa mikono hii. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akanihurumia mahali pasipostahili. Habari za baba na mama na mlima tuliotoka nitaziacha. Wanaonijua wanazijua, na wasionijua hawapungukiwi kitu. Inatosha kwamba shule niliiacha darasa la tatu, spana nilizishika kabla sijaota ndevu, na Kiswahili nilikiokota kwa madereva wa malori na kwa wanajeshi waliokuwa wakiniletea magari yao na kusimama nyuma yangu wakisema, "Wewe, tengeneza haraka, saa kumi inatoka." Hakuna mtu aliyenifundisha kazi. Nilifungua, nikatazama, nikafunga. Nikikosea, nilifungua tena. Hadi leo nikikuta kijana mwenye cheti ukutani ambaye hawezi kusikia kwa sikio kwamba silinda moja haichomi, namwambia akajaribu kuwasha gari kwa hicho cheti.

Habari hii nimekaa nayo miaka zaidi ya kumi, na ningekufa nayo kama si mazishi ya mke wangu, Kabugho, mwezi wa tatu mwaka huu. Siku ya pili baada ya kumzika nilitoka nyuma ya nyumba kutafuta maji ya kunawa, nikawakuta wanawake wakiosha vyombo vya msiba. Mmoja alikuwa amechuchumaa peke yake karibu na migomba, anasugua sufuria kwa majivu. Miguu yake ilikuwa imepasuka na kuwa myeupe mpaka juu ya vifundo, kama miguu ya watu wanaosimama kutwa ndani ya maji ya chumvi kule Kabatoro. Aliinua uso. Alikuwa Mama Biira, aliyekuwa zamani akiuza petroli Bwera. Nilirudi ndani bila kunawa, nikakaa kwenye kiti cha marehemu na kuinamisha kichwa, na watu waliokuwa sebuleni wakadhani namlilia mke wangu. Nilikuwa nalia kweli, lakini si kwa sababu waliyodhani.

Mwaka ule wa 2012 karakana yangu ilikuwa ya mabati, ya kupanga, nyuma ya barabara kuu ya Kasese mjini. Sakafu ilikuwa udongo ulioshiba oili mpaka ukawa mgumu na mweusi kama lami. Wateja wangu wengi walikuwa watu wa malori, na mkubwa wao alikuwa Hajji Sulaiti, mwenye malori matatu yaliyovuka mpaka wa Mpondwe yakipeleka saruji Kongo na kurudi na mbao. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye kofia nyeupe isiyoingia vumbi hata siku ya upepo. Siku moja alikuja karakana akiendesha gari dogo la Kijapani, la bluu, lenye turbo, akazima injini na kubaki ndani kama bibi harusi anayengojea kushushwa. "Fundi Thembo," akasema, "mimi natembea nyuma ya malori miaka thelathini, nakula vumbi yao. Sasa nataka kutembea mbele." Kulikuwa na mashindano madogo ya wenyeji yaliyokuwa yakiandaliwa kwenye barabara ya vumbi ya Karusandara, na Hajji alitaka kuwashinda vijana wa mjini. Kompyuta ya gari alikuwa amekwisha kuipeleka Kampala, wakaibadilisha ili turbo isukume hewa nyingi zaidi. Walimwambia kitu kimoja: ukiongeza hewa bila kuongeza petroli, injini inajichoma yenyewe. Wakampa boksi la vitu vya kufunga, naye akaniletea mimi.

Boksi hilo tulilifungulia sebuleni kwake, baada ya kula wali na nyama ya mbuzi. Viti vyake vilikuwa na vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na mimi nilikaa ukingoni kwa sababu ya suruali yangu. Ndani ya boksi mlikuwa na pampu ya petroli ya kukaa ndani ya tanki, ndogo kama tochi lakini yenye nguvu mara mbili ya ile ya zamani; injekta nne kubwa, za kutemea petroli ndani ya injini; regulata ya kushika presha; saa ya kuonyesha presha hiyo; na kipande cha mpira mweusi, kifupi, kigumu. Na karatasi. Hajji akavaa miwani, akaanza kusoma Kiingereza polepole na kunitafsiria: "Hapa wanasema, mupira ya ndani ya tanki..." Nilimkatiza. Nilimwambia karatasi hiyo imeandikiwa watu wasiojua, na mimi nilikuwa nimefungua matanki kabla aliyeiandika hajazaliwa. Hajji akacheka mpaka kofia ikasogea. Nyuma ya pazia mke wake akasema, "Si umuache asome, muzee? Karatasi haiumi mutu." Nikamjibu, "Mama, mimi nasoma kwa masikio." Wote wawili wakacheka, nami nikafurahi kwamba nimewachekesha. Karatasi ile nilifungia boliti za zamani. Siwezi kudai kwamba nilikuwa sijui kusoma kabisa. Namba nilizijua, jina langu nililijua. Nilichoogopa ni kukaa kwenye kiti kile kama mtoto, huku mtu mwingine akinisomea kazi yangu mwenyewe.

Kazi niliifanya vizuri, na hilo nitalisema hata leo. Niliona waya wa zamani wa pampu ni mwembamba, ungeifanya pampu mpya ivute umeme kama mtu anayekunywa uji kwa mrija, basi nikavuta waya mnene kutoka kwenye betri na kuweka rilei, swichi ya kuupitisha umeme huo. Injekta nilizipima kwa njia yangu: nilizitoa pamoja na bomba linalozigawia petroli, nikapanga chupa nne za soda chini, nikaziacha zitemee petroli kila moja ndani ya chupa yake, nikalinganisha kimo. Moja ilikuwa nyuma kwa upana wa ukucha. Nikaisafisha, nikarudia, zikawa sawa. Madereva walikuja kutazama zile chupa nne kama watu wanaotazama mchezo. Lakini kipande cha mpira cha kuunganisha pampu na bomba la juu, ndani ya tanki, nilikipima kwa macho, nikakikata, kikawa kifupi kwa upana wa kidole. Sikumwambia mtu. Mashindano yalikuwa yamebaki wiki mbili, na kutuma Kampala kuomba mpira mwingine kulikuwa ni kutangaza kwamba Fundi Thembo hajui kupima.

Wiki hiyo nilikwenda Bwera kurekebisha giaboksi ya lori moja la Hajji, na mchana nikapita kwa Mama Biira. Alikuwa akiuza petroli kwa jerikeni kando ya barabara inayoelekea forodhani, na malori yote ya Hajji, pikipiki zote, hata magari ya watu wa ofisi, yalijaza kwake, kwa sababu petroli yake ilikuwa safi na alikuwa haibi kipimo. Alitoka kilima kimoja na mke wangu, kwa hiyo aliniita shemeji na kunitania kama shemeji. Chumba chake kilikuwa nyuma ya jerikeni: kitanda nyuma ya kanga, viti viwili, meza, na hakuna jiko, kwa sababu hakutaka moto karibu. Alipikia uani kwa jirani ng'ambo ya barabara na kuvuka na sahani. Alinipa bundu, ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake. "Kula, shemeji," akasema. "Moto hatuna, lakini esansi unapata bure ndani ya mboga." Na kweli kila tonge lilikuwa na harufu hiyo kwa mbali. Nje, kwenye kamba ya nguo, kati ya blauzi zake mbili, ulikuwa umening'inia mpira mweusi aliokuwa akifyonzea petroli kutoka pipa kwenda kwenye jerikeni. Niliutazama nikila. Unene ulikuwa ule ule. Nikajiambia: mpira huu unakunywa petroli kila siku, miaka na miaka, na bado mzima, unaogopa nini ndani ya tanki?

Nilimwomba kipande. Hakuniuliza nitampa nini. Aliuchukua kwenye kamba, akachukua kisu alichokatia sombe, halafu akasita. "Ya kuweka wapi?" Nikamwambia. "Ndani kabisa? Ilale ndani ya esansi?" Akatikisa kichwa. "Shemeji, hii mupira inapitisha esansi, hailale ndani. Ndiyo maana naianika kila jioni kama nguo. Ukiisahau ndani ya pipa siku mingi inavimba, inalegea kama utumbo, inateleza kwa mukono. Mimi nimepoteza mbili hivyo." Nilimjibu kwa mdomo uliojaa chakula chake: "Wewe uza esansi, mama. Injini uniachie mimi." Akacheka, akakata kipande cha urefu niliomwonyesha kwa vidole, akakifunga kwenye karatasi ya mkate. "Basi usiseme sikusema," akasema. Nilimwambia pia Kabugho nilipofika nyumbani, kwa kujisifu, kwamba tatizo la Kampala nimelimaliza Bwera kwa kipande cha mpira wa dada yake. Kwa hiyo kabla ya gari lile kuwaka, nilikuwa nimeambiwa mara mbili, na karatasi na mwanamke aliyejua jambo hilo kwa mikono yake. Wote wawili niliwaona wadogo kwangu.

Gari liliwaka mara ya kwanza. Presha kwenye saa ilisimama palepale bila kutetemeka. Hajji alilipeleka hadi kwenye njiapanda ya Mweya na kurudi, akashuka akiwa na machozi ya upepo, akanishika mabega. "Fundi, inanisukuma kwa kiti kama mutu anagombana na mimi." Kwa siku kumi na mbili nilitembea mjini Kasese kama mtu aliyejenga daraja. Nilikunywa chai na kula chapati kwenye hoteli ya stendi, mahali ambapo siku nyingine nilipita tu, ili watu waniulize habari za gari, na waliniuliza. Siku hizo kumi na mbili mpira ulikuwa umelala ndani ya petroli.

Karusandara kulikuwa na jua, na watu wamejipanga mbele ya mashamba ya mahindi. Asubuhi ile Hajji alikuwa ametoka Bwera, na tanki alikuwa amelijaza kwa Mama Biira, kama kawaida. Alipita mara ya kwanza, akapita ya pili, watoto wakimpigia makofi. Mara ya tatu, kwenye ule unyoofu mrefu, niliisikia kabla ya mtu yeyote: sauti ya injini ikawa nyembamba na kavu, kama mahindi yanayokaangwa bila mafuta, halafu kishindo kimoja, halafu moshi. Gari likajivuta kando na kufa. Hajji akatoka mzima, kofia mkononi. "Fundi," akasema kwa sauti ya chini, "imekataa." Nilifungua plagi mbele ya watu wote. Ilikuwa nyeupe kama mfupa, na imejaa vitone vidogo vya aluminiamu, maana yake pistoni imeyeyuka. Jambo hilo huja pale petroli inapopungua na hewa ya turbo ikaendelea kuingia, moto ndani unakuwa mkali kupita chuma. Petroli ilipungua kwa nini, sikujua bado. Au niseme sehemu moja ya moyo wangu ilijua, na nyingine ikaikalia. Watu mia walikuwa wananitazama mikono. Mmoja akasema, "Si ndiyo ile pampu ya Fundi Thembo?" Hapo nikachota petroli kwenye chupa, nikamimina kiganjani, nikanusa, nikainua mkono ili wauone. "Imetiwa parafini," nikasema. "Hii injini imeuawa na petroli chafu."

Petroli safi ikimwagwa kiganjani hukauka mara moja na kuacha ngozi baridi, nyeupe. Ikiwa na mafuta ya taa, huacha mng'ao. Watu wote wa njia ile wanajua kipimo hicho. Wasichofikiria ni kwamba kiganja cha makanika hakikosi mafuta siku yoyote. Kingeng'aa hata ningekimwagia maji ya mvua.

Kesho yake, peke yangu karakana, nilifungua tanki chini ya kiti cha nyuma na kuitoa pampu. Mpira ulikuwa umevimba mara moja na nusu. Ulikuwa laini, umechanika upande mmoja, umechomoka kwenye bomba, na petroli yote iliyosukumwa na pampu ilikuwa ikirudi tankini badala ya kwenda injini. Kama utumbo, kama alivyosema. Nilikaa chini kwenye udongo ule mgumu. Bado kulikuwa na nafasi. Hajji alikuwa mtu wa kucheka. Angenitukana, angeninyima kazi mwezi mmoja, basi. Niliweka mpira mfukoni, nikaenda nyumbani, nikautia kwenye jiko lililokuwa nyuma ya nyumba. Ulitoa moshi mweusi mzito. Kabugho akatoka na mwiko mkononi. "Baba Muhindo, unachoma nini kwa jiko ya chakula?" Nikasema mpira. "Mpira ya nini?" Ya gari. Akausogeza kwa kijiti, akautazama ukijikunja. "Si ndiyo ile Mama Biira alikukatia?" Nilimwambia apike. Hakusema neno lingine siku ile, wala siku zilizofuata, na mimi niliuchukua ukimya wake kama ruhusa. Tulikula maharage yaliyonuka mpira.

Ijumaa, siku ya soko, Hajji alinipakia kwenye lori pamoja na madereva wake wawili, tukaenda Bwera. Nilijua tunakokwenda, na nilipanda. Mama Biira alikuwa akimjazia mtu pikipiki. Hajji hakupiga kelele. Alimwuliza tu kwa nini amemfanyia vile baada ya miaka yote. Mama Biira akafuta mikono kwenye kanga. "Hajji, mimi natia parafini? Batoto yangu banakula kwa hii esansi." Watu wa soko wakaanza kukusanyika, wenye pikipiki wakiwa mbele, maana kila aliyewahi kuharibikiwa na injini alikuwa ameanza kukumbuka. Hajji akanigeukia. "Fundi, pima mbele yake." Nikamimina kiganjani. Ilikauka, baridi, safi kabisa, nilihisi. Nikainua mkono unaong'aa kwa grisi ya miaka thelathini. "Iko parafini," nikasema. Mama Biira hakutazama mkono. Alinitazama usoni. "Shemeji," akasema, "ulifungua tanki?" Nikasema nilifungua. "Mupira iko namna gani?" Hakuna aliyejua anauliza nini isipokuwa mimi. Nikasema, "Mupira iko muzima."

Mmoja wa madereva akapiga teke jerikeni ya kwanza. Wenye pikipiki wakamaliza zilizobaki, wakizitoboa kwa visu, na petroli ikatiririka mtaroni mpaka mama mmoja akaanza kupiga kelele kwamba mtu asiwashe sigara. Mama Biira hakuwazuia. Aliokota vifuniko vya jerikeni vilivyotawanyika, kimoja kimoja, akaviweka kwenye kanga yake, kana kwamba kesho angevihitaji. Tulipokuwa tukipanda lori, dereva akaniambia, "Muzee, wewe uko hatari. Mukono yako inashinda mashine." Nilicheka naye. Hicho kicheko ndicho ninachokisikia zaidi ya kelele za soko.

Mwezi haukuisha, Mama Biira akafunga chumba na kwenda Kabatoro, akaingia kwenye mashimo ya chumvi. Mimi jina langu likapanda. Kutoka Kasese mpaka mpakani watu walikuwa wakiniletea petroli kwenye chupa ndogo ili niipime kiganjani, na walioleta petroli wakaanza kuleta magari. Hajji alinunua injini nyingine akaniletea boksi jipya, na safari hii nilimwambia asome karatasi yote, nikijifanya nataka kusikia kama Wazungu wanakubaliana na mimi. Akafika mahali akasimama. "Hapa wanasema mupira ya kawaida ikilala ndani ya petroli inavimba. Utie tu ile mupira imetengenezwa ya kulala ndani." Akanitazama juu ya miwani. "Hii maana yake nini, fundi?" Nikamwambia hayo ni mambo ya nchi za baridi. Kisha nikaufunga mpira wa Kampala, bila kuukata, na gari likaenda vizuri miaka minne, mpaka Hajji alipougua na kufariki. Alinisifu hadi kitandani. Ningeweza kumwambia hapo pia.

Sasa nirudi nyuma ya nyumba, siku ya pili ya msiba. Nilitoka tena mchana, wanawake wengine wakiwa wamekwenda kula. Yeye alikuwa bado na sufuria zake. Nilisimama mbele yake kama mtu anayeomba kazi.

"Mama Biira."

"Shemeji. Pole na musiba."

"Ule mwaka wa Hajji," nikasema. "Ile mpira..."

"Ilivimba," akasema. "Najua." Akamwaga maji ya majivu, akachota mengine. "Uliichoma kwa jiko."

Nikamwuliza nani alimwambia. Akaelekeza kidevu upande wa shambani, kwenye udongo mpya. "Yule tumezika."

Akanieleza akiendelea kusugua. Mwaka ule ule, kabla ya Krismasi, Kabugho alikwenda Kabatoro na kuku mmoja na unga wa bundu, akamkuta ndani ya shimo, akapiga magoti palepale kwenye tope la chumvi. "Nikamwambia simama, dada, hii chumvi itakula nguo yako. Akakataa kusimama." Na kila mwaka alirudi, wiki nzima, akavua viatu na kuingia kukwangua chumvi naye. Mimi nilidhani anakwenda kwenye mikutano ya wamama wa kanisa. Nyumbani alirudi na miguu imepasuka, na nilimnunulia mafuta ya kupaka, nikajiona mume mwema. Miaka kumi na miwili sikuwahi kuuliza ni mkutano gani unaopasua miguu.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Alisema, nimekuja kwa nafasi ya bwana yangu, yeye bado anajitayarisha."

Nilikaa chini kwenye jiwe la kuanikia vyombo. Nilimwambia nina vitu sasa, aseme anachotaka, nyumba, duka, chochote. Aliniangalia kama mtu anayeangalia jerikeni iliyotoboka. "Chumvi ninayo. Batoto yangu bameshakuwa bakubwa. Wewe enda Bwera, siku ya soko, usimame pale ulisema, useme tena vizuri."

"Halafu?"

"Halafu hakuna. Unarudi nyumbani."

Nilikwenda Ijumaa iliyofuata arobaini. Mahali pa chumba chake pamejengwa kituo cha petroli chenye paa jekundu na pampu nne. Niliwasimamisha vijana wa pikipiki, nikawaambia kwamba Mama Biira hakutia parafini, kwamba mimi nilidanganya. Walinisikiliza kwa adabu. "Mama Biira ni nani, muzee?" mmoja akauliza. "Unataka tukupeleke wapi?" Hakuna hata mmoja aliyekuwa na umri wa kukumbuka. Nikaenda kwa mama mzee anayeuza sombe kwenye kona, nikamweleza upya, yote, mpira na tanki na jiko.

"Ah, yule wa parafini," akasema. "Alikuwa mubaya yule. Aliharibia batu magari."

"Hakuharibu. Ni mimi."

Akaacha kufunga mafungu, akanitazama kwa huruma. "Wewe ni bwana yake?"

Nikasema hapana.

"Kumutetea iko muzuri, muzee. Lakini ile esansi ilikuwa na parafini. Fundi mukubwa ya Kasese alipima na mukono, batu bote baliona."

"Fundi huyo ni mimi."

Akacheka, bila ubaya, akaninyooshea fungu la sombe. "Fundi yule alikuwa mutu munene, na kofia nyeupe. Mimi nilikuwa hapa. Kamata, upelekee mama nyumbani."

Nililipokea.

Leo nina miaka sitini na moja. Nina viwanja viwili Kasese mjini, kimoja kina karakana ya matofali yenye shimo la kukagulia magari. Nina nyumba ya vyumba sita, ya bati jipya. Nina mashine mbili za kuchomelea, kompresa moja, na pikapu inayotembea. Nina ekari tatu za kahawa upande wa mlimani na ng'ombe wanne. Nina mafundi watano chini yangu, na wote wanaweza kusoma. Vyote hivi nilivipata baada ya mwaka ule. Kabla yake nilikuwa na sanduku la spana, na mke.